Hati Iko Mkononi, Herufi Hazisomeki

Nilipokuwa katibu wa kamati ya mradi wa bwawa la mchanga huku kwetu Makueni, hati ya kazi ilitufikia jioni moja kupitia kundi la WhatsApp. Ilikuwa ile orodha ya vifaa na gharama ambayo mafundi huiita BQ, kurasa zaidi ya arobaini, jedwali juu ya jedwali. Kesho yake tukakutana chini ya mwembe. Mwenyekiti akauliza kama tumeisoma. Tukanyamaza kidogo, kisha mmoja mmoja tukasema tumeiona. Kuiona tuliiona. Mimi niliikuza kwa vidole viwili mpaka herufi zikatosha jicho, lakini nilipoisogeza kando kutafuta idadi ya mifuko ya saruji, jina la kifaa lilikuwa limeshatoka kwenye kioo. Nikasoma idadi ya mstari mmoja nikidhani ni ya mstari mwingine. Nikaitangaza mbele ya watu, ikaandikwa kwenye daftari la kamati. Tulibishana wiki tatu na fundi asiye na hatia kabla ya kugundua kwamba kosa lilikuwa langu.

Tangu siku hiyo nimelitilia maanani sana suala la kifaa cha kusomea. Majirani hunijia: mwalimu, mwanafunzi wa chuo, katibu wa kanisa, mjumbe wa kamati ya maji. Kila mmoja huuliza, ninunue gani? Nami humjibu kwa swali: nionyeshe hati tatu za mwisho ulizotakiwa kuzisoma. Mtu akinijia na jina la tableti aliyoiona kwa shemeji yake mjini, huwa naiweka kando kwanza. Kifaa hufuata hati. Ukianzia kwenye kifaa utanunua kitu kizuri kisichokufaa.

Hebu tuangalie hati zinazozunguka Ukambani. Makueni imejulikana nchini kwa namna inavyowashirikisha wananchi katika mipango na bajeti, mazungumzo yakianzia vijijini na kupanda hadi wadi na kaunti. Makueni ina wadi 30, Kitui ina 40, na kila wadi ina miradi yake na karatasi zake. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 ikaeleza njia ya kuziomba. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, taarifa ya mkakati wa fedha kufikia mwisho wa Februari, makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Hizo zote ni hati nene. Mwalimu naye anapakua miundo ya mtaala kutoka KICD, taasisi ya mitaala. Mwanafunzi wa chuo kikuu cha SEKU pale Kwa Vonza ana maelezo ya mihadhara na mitihani ya miaka iliyopita. Mkulima wa maembe au ndengu ana vitabu vya mwongozo vya KALRO, shirika la utafiti wa kilimo lenye kituo chake Kiboko, kando ya barabara ya Mombasa.

Karibu zote zina sura moja: ni PDF, na ukurasa wake umepimwa kwa karatasi ya A4. Hapo ndipo shida inapoanzia, na wauzaji wengi hawaielezi.

PDF ni kama picha ya karatasi. Kila neno limepigiliwa msumari mahali pake. Ukipunguza ukurasa, herufi nazo zinapungua. Ukiukuza, pembeni panakatika. Kuna aina nyingine ya faili, EPUB, inayotumika kwa riwaya na vitabu vya kawaida. Hiyo ni kama maji, hufuata umbo la kibuyu. Ukitaka herufi kubwa, maneno yanajipanga upya na hakuna kinachopotea pembeni. Msomaji wa EPUB anaweza kusomea kwenye kioo kidogo akaridhika kabisa. Msomaji wa PDF hawezi kuridhika kwa urahisi huo, na huku kwetu wengi ni wasomaji wa PDF.

Chukua rula. Karatasi ya A4 ina upana wa milimita 210. Simu nyingi za leo, zile za inchi sita na nusu, zina kioo chenye upana wa milimita 70 hivi, yaani thuluthi moja. Kwa hiyo herufi iliyochapwa kwa ukubwa wa 12 inakuwa 4 ukiuonyesha ukurasa mzima. Hakuna jicho la kawaida litakalosoma 4 kwa saa nzima. Kifaa kama Kindle cha inchi saba kina upana wa milimita 107 hivi, nusu ya ukurasa, na 12 inakuwa 6. Tableti ndogo za inchi nane na kitu hazipiti hapo kwa mbali. Tableti ya inchi kumi na nusu ina upana wa milimita 140, thuluthi mbili, na 12 inakuwa 8, karibu na maandishi ya gazeti. Kwangu hapo ndipo mpaka ulipo. Chini ya inchi kumi, msomaji wa hati za A4 anateseka. Sikuielewa hesabu hii kwa kuambiwa, niliielewa baada ya kununua tableti ya inchi saba na kujikuta nakuza na kusogeza vilevile kama nilivyofanya kwenye simu.

Lakini kabla hujatoa pesa, kuna mbinu mbili za bure. Ya kwanza ni kugeuza kifaa kikalala. Simu iliyolala ina upana wa milimita 150 hivi, na herufi ya 12 inarudi kuwa zaidi ya 8. Utaona mistari michache kwa wakati mmoja, lakini hutasogeza kando, utashuka chini tu, na mstari wa jedwali utabaki mzima kuanzia jina la kifaa hadi bei. Kama ningejua hili siku ile, tusingebishana na fundi. Tableti ya inchi kumi na nusu ukiilaza inapita upana wa A4 yenyewe, kwa hiyo jedwali la bajeti lenye safu nyingi linasomeka kama lilivyochapwa.

Mbinu ya pili ni kukata pambizo. Hati nyingi za ofisi zina nafasi tupu ya sentimita mbili na nusu kila upande. Ukiiondoa, maandishi yenyewe yanabaki na upana wa milimita 160 tu. Programu kama ReadEra au KOReader, zote za bure, zinaweza kuzikata pambizo hizo, na ghafla kile kioo cha inchi saba kinaonyesha herufi ya 8 badala ya 6. Nimewaonyesha walimu wawili mbinu hii nao wakaahirisha kununua kifaa kipya. Nilifurahi.

Na macho je? Kuanzia miaka arobaini hivi lenzi ya jicho huanza kukakamaa, na kusoma kwa karibu kunakuwa kazi kwa kila mtu, awe mkulima au profesa. Mama mmoja wa kamati yetu alikuwa ameweka akiba ya tableti karibu mwaka mzima. Alipopimwa macho akapewa miwani ya kusomea, simu yake ileile ikaanza kumtosha kwa ujumbe na barua fupi, akabaki na shida ya majedwali peke yake. Tafadhali anzia kwa mtaalamu wa macho. Miwani ni nafuu kuliko kifaa chochote ninachokitaja hapa.

Sasa tuje kwenye ununuzi. Kuna vifaa vya wino wa kielektroniki, kama Kindle, Kobo na PocketBook. Kampuni ya E Ink ilianzishwa Marekani mwaka 1997 na watu waliotoka chuo cha MIT, na Kindle ya kwanza ikauzwa Novemba 2007. Ndani ya kioo chake mna vijifuko vidogo sana vyenye chembe nyeusi na nyeupe. Umeme unazisogeza chembe hizo mara moja kuunda ukurasa, kisha zinakaa hapohapo bila umeme wowote mpaka ugeuze ukurasa mwingine. Kwa sababu hiyo chaji hudumu wiki kadhaa, na kwa sababu maandishi yanaonekana kwa mwanga unaoyaangukia, kama karatasi, jua likizidi yanasomeka vizuri zaidi. Kwa mtu wa Mutomo au Kibwezi, anayesomea nje saa saba mchana na ambaye umeme wake ni wa sola ndogo, hilo ni jambo kubwa sana. Ningeishi kwa riwaya na Biblia peke yake, nisingetaka kifaa kingine.

Hata hivyo siwashauri wajumbe wa kamati wala walimu wengi kukinunua. Kile cha bei ya kawaida ni cha inchi sita au saba, na hesabu yake tumeiona. Vipo vya inchi kumi, upana wake ni milimita 157 hivi na hati za A4 zinasomeka vizuri mno, lakini bei yake inapita ya tableti nzuri. Pia Kindle haina WhatsApp. Hati ikifika kwenye kundi, lazima uitoe kwenye simu uipeleke kwa barua pepe au kwa waya, na najua watu wazima walioacha kusoma kwa sababu ya hatua hiyo moja. Halafu kuna suala la fundi. Vioo vingi vya wino vina bamba jembamba la glasi ndani. Likikandamizwa ndani ya mfuko juu ya bodaboda, linapasuka bila nje kuonyesha alama, na nusu ya ukurasa inakuwa mistari isiyofutika. Fundi wa Wote au Mwingi atakubadilishia kioo cha simu kwa kuagiza kutoka barabara ya Luthuli, Nairobi. Kioo cha Kindle atakurudishia na kukupa pole. Ukikinunua, nunua na kasha gumu siku hiyohiyo.

Kwa wengi wa wanaoniuliza, jibu langu ni tableti ya inchi kumi au kumi na moja, ya Android, hata kama ni ya mitumba. Wengine huiita kishikwambi, jina zuri tu. Si lazima iwe na kasi kubwa, kwani kusoma hakuhitaji nguvu nyingi, ila ukipata yenye kumbukumbu ya kufanyia kazi ya GB 4 usikubali ya 2, maana hati zilizopigwa picha ni nzito na tableti dhaifu hukwama kila ukigeuza ukurasa. Iwe na nafasi ya kadi ya kumbukumbu. Laini ya simu si lazima, utawasha hotspot ya simu yako. Kamera yake usiihesabu kabisa.

Udhaifu wake ni jua. Kioo cha tableti hutoa mwanga wake chenyewe, na jua la Ukambani linaushinda mwanga huo. Dukani, chini ya taa, kila kioo kinapendeza. Mwombe muuzaji atoke nawe nje, ongeza mwanga hadi mwisho, ufungue ukurasa mweupe wenye maandishi madogo. Ukiona uso wako kuliko maandishi, irudishe. Muuzaji akikataa kutoka nje, duka lingine liko karibu.

Ya mitumba, ile inayoitwa ex-UK, ina mitego yake. Iweke juu ya meza tambarare. Ikiyumba, betri imefura, usiichukue hata kwa nusu bei. Mwambie muuzaji aifute kabisa mbele yako na kuianzisha upya. Ikidai akaunti ya mtu wa awali, au ikitaja kampuni au shule inayoimiliki, hiyo ina mwenyewe na haitakuwa yako. Ikifunguka, ingia Play Store palepale upakue programu utakayosomea, maana Android iliyozeeka mno hukataliwa na programu mpya. Kama ina laini, piga *#06# uone namba ya IMEI, uilinganishe na iliyo kwenye boksi na kwenye risiti. Mwaka 2012 simu bandia zilizimwa nchini kwa wingi, na waliopoteza ni wanunuzi.

Kuhusu kununua kwa kulipa kidogo kidogo, mpango uliozoeleka tangu Safaricom na Google walipozindua Lipa Mdogo Mdogo mwaka 2020 kwa malipo yaliyoanzia shilingi 20 kwa siku, ninalo neno moja: piga hesabu ya jumla. Shilingi 50 kwa siku kwa mwaka ni 18,250, bila malipo ya kwanza. Linganisha na bei ya taslimu. Tena kifaa cha mkopo hufungwa malipo yanapochelewa, na msimu wa ukame ndio malipo huchelewa. Kama riziki yako inafuata mvua, chama chenu kinaweza kuwa mkopeshaji mpole zaidi.

Umeme hautakusumbua sana ukijua mambo mawili. Betri ya tableti ya inchi kumi mara nyingi ni ya mAh 7,000 hivi, na pawabenki iliyoandikwa 10,000 haitoi 10,000. Sehemu hupotea katika kubadilisha volti, kwa hiyo tegemea kujaza mara moja bila ziada kubwa. La pili ni joto. Apple, kwa mfano, wanataja nyuzijoto 35 kuwa kikomo cha kutumia vifaa vyao, na chini ya paa la bati mwezi wa Februari kule Kyuso kikomo hicho kinapitwa kabla ya adhuhuri. Usichajie kifaa juani kando ya paneli ya sola. Paneli ikae nje, waya uingie ndani, tableti ilale sakafuni kwenye ubaridi. Vumbi letu jekundu huingia kwenye tundu la chaja likaganda, litoe kwa kijiti kikavu cha mti na si kwa sindano. Mimi naibeba tableti ndani ya kyondo, kikapu chetu cha kusuka, ikiwa imefungwa kwa leso. Kyondo hakina kona ngumu, tena hakimvutii mwizi.

Kwa wanaosoma Kikamba kuna jambo dogo lenye uzito. Herufi zetu ĩ na ũ haziko katika kila fonti. Faili ya zamani ikifunguliwa kwenye programu duni, jina Mũtua linageuka M?tua au linabaki na kijisanduku katikati. Kwenye orodha ya wanaostahili kupata huduma, hilo ni jina la mtu halisi limeharibika. Fungua Biblia ya Kikamba au orodha yoyote ya majina kabla ya kulipa. Unapotafuta jina ndani ya hati, litafute mara mbili, kwa ũ na kwa u, kwani programu nyingine huziona kama herufi tofauti. Na kama programu haipati neno lolote hata lile unaloliona kwa macho, hati hiyo ni picha tu ya karatasi. Haitatafutika wala kusomwa kwa sauti. Iombe ofisi ikupe ile iliyotoka moja kwa moja kwenye tarakilishi. Mara nyingi wanayo.

Nataja kusomwa kwa sauti kwa sababu wapo wasioweza kusoma kioo chochote, nao pia ni wajumbe. Android ina sauti ya Kiswahili ya kusoma maandishi. Hutamka namba na vifupisho vibaya, lakini hotuba ya bajeti inasikika vizuri mtu akiwa anatwanga au anapalilia.

Si lazima kila mmoja awe na chake. Tangu mwaka 2016 serikali ilipoanza kupeleka tableti za wanafunzi wa darasa la kwanza katika shule za msingi, nimeona shule ambapo zilikaa kabatini kwa hofu ya kuharibika, ufunguo ukiwa kwa mtu mmoja asiyekuwepo. Kifaa cha pamoja kinahitaji mtunzaji, daftari la kuazima na siku inayojulikana ya kukitumia. Sisi tuliendesha kwa mtindo wa mwethya, yaani kazi ya pamoja. Tulichanga, tukanunua tableti moja ya inchi kumi iliyokwisha tumika, ikakaa kwa mweka hazina. Hati hupakuliwa mara moja kwa bando la mtu mmoja, kisha wengine huipokea kwa Bluetooth au Quick Share bila kutumia hata shilingi.

Siku tuliyokwenda kununua tulikuwa na kadi ya kumbukumbu yenye hati tatu: ile BQ yenyewe, ukurasa wa bajeti wenye safu nyingi, na barua iliyopigwa picha vibaya. Tulizifungua kwenye tableti nne, nje ya duka, jua likiwa utosini. Mbili zilianguka hapohapo. Ya tatu ilichukua muda mrefu kugeuza ukurasa wa bajeti. Tulichukua ya nne, ambayo haikuwa nzuri kuliko zote kwa sura.

Sasa hati mpya ikifika, anayesoma si mimi. Ni yule mama wa miwani. Huilaza tableti mapajani, akaweka kipande cha karatasi chini ya mstari, akasoma jina la kifaa, kipimo, idadi, bei, kwa mpangilio huo, na hashuki mstari wa pili mpaka kila mtu aseme amesikia.